Siku Niliyomchagulia Baba Mtambo

Juzi mjukuu wangu alifungua chupa ya mafuta ya nyonyo sebuleni ajipake nywele, mie nikainuka nikatoka nje. Alidhani nimechukia kwa sababu ya kochi. Sikumweleza, maana harufu ya nyonyo peke yake haina kosa. Bibi zetu walitukanda kwa nyonyo, walitunywesha tumbo lilipofunga, na tumekua. Tatizo ni pua yangu. Kila inapoinusa nyonyo huongeza yenyewe vitu viwili visivyokuwapo: mafuta ya taa, na etha, ile dawa ya hospitali inayopoza ngozi na kulevya kichwa. Vitatu hivyo, vikichanganywa kwa kipimo alichokijua baba yangu na kutiwa katika injini ndogo kama ngumi ya mtoto, vilitoa moshi wa buluu na mlio wa nyigu aliyefungiwa koponi, na kindege cha mbao na karatasi kikapaa kweli juu ya Temeke.

Watu wakisikia hayo hucheka. Hudhani ni hadithi tamu, ya Mwafrika wa enzi za Mwingereza anayerusha ndege ya kuchezea huku binti yake anapiga makofi pembeni. Nyie nitawaambia ilivyokuwa. Sikumbuki jambo lolote la utoto wangu lililojaa chuki kama vile vindege, na sehemu ya chuki hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Niliibeba kwa mikono miwili kama mtoto abebavyo sufuria ya moto, wakubwa wakimsifu kwamba haogopi kuungua.

Baba alikuwa mtu wa bara, wa milima ya kusini, jina lake Elia. Vita vilimchukua kijana asiyejua hata kutengeneza baiskeli, vikamrudisha fundi wa redio. Mchana alifanya kazi katika karakana ya simu mjini, jioni aliketi barazani kwetu Temeke akilehemu redio za watu, moshi wa risasi iliyoyeyuka ukimpanda usoni, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa mpole kwa redio kuliko kwa watu. Redio iliyoharibika aliipapasa na kuisemesha. Sie watoto tukikosea alitutazama tu, tukajua.

Huko vitani alikutana na Hemedi, na Hemedi ndiye aliyemtafutia nyumba ya kupanga alipokuja Dar es Salaam. Alikuwa mtoto wa mwenye duka la kona, Waarabu wa zamani wa pale ambao babu zao walizikwa pwani hiyohiyo. Alikuwa mrefu, mchekeshaji, na alipenda kofia zilizofumwa vizuri. Mie nilimwita Ami kama alivyofundishwa Zuhura, binti yake, kuwaita ndugu za babake. Zuhura na mie tulizaliwa mwaka mmoja. Tulikula kwao, tukalala kwetu, tukagawana chawa.

Mhandisi mmoja Mwingereza wa karakana ya Baba aliporudishwa kwao, aliacha rundo la majarida yenye michoro ya vindege. Baba na Ami Hemedi waliyasoma barazani mwaka mzima, Baba akitafsiri Kiingereza na Ami akikosoa tafsiri. Hatimaye wakaunda kindege chao cha kwanza kwa mianzi, mbao za sanduku la majani ya chai na karatasi nyembamba za kufungia matunda. Baba alitengeneza mtambo wa kurushia mawimbi kutokana na masalio ya jeshi. Ulikuwa na kitufe kimoja tu. Ukibonyeza, wimbi linaruka hewani, kipokezi ndani ya kindege kinalisikia, na usukani wa mkiani unapinda. Ukiachia, unanyooka. Kindege hakikujua kitu kingine zaidi ya hicho.

Kiliruka Jumapili moja kutoka uwanja wa mpira, Ami akiwa ameshika kitufe. Kikazunguka mara tatu, sote tukiwa tumefungua midomo, kisha kikaelekea Mtoni na kuangukia katika mikoko, ndani ya tope. Hawakukipata. Waliporudi, miguu myeusi hadi mapajani, walikuwa wameshagombana. Baba alisema Hemedi ana mkono wa woga, amebonyeza asipotakiwa. Ami alisema Elia amelehemu kipokezi kama mtu anayeziba ndoo. Ndivyo urafiki wa vita ulivyokwisha, kwa sentensi mbili, na kila moja yao ilikuwa imemchoma mwenzake mahali alipojiona bingwa.

Tangu siku ile hawakusalimiana. Aliyekulia uswahilini anajua uzito wa neno hilo. Mtu anaweza kukutukana kesho mkapatana, lakini anayekupita asubuhi bila salamu amekuzika. Duka la Ami likaanza kuishiwa mafuta ya taa kila Mama alipokwenda kununua, ilhali pipa tulikuwa tunaliona. Mama akawa anatembea hadi duka la mbali, akirudi na kopo kichwani na midomo imebana. Baba naye aliwaambia wateja wake kwamba redio zilizouzwa duka la kona zimetiwa betri za kuokota. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilimsikia akisema hivyo huku anatabasamu, na kwa tabasamu lile nikajua hakujali kama ni kweli.

Kisha Ami akaletewa na jamaa yake baharia mtambo mpya kutoka Ulaya. Akaunda kindege chekundu, mbawa zimepakwa rangi mpaka zinang'aa kama kucha za bibi harusi. Kila Jumapili alikirusha uwanjani, na Temeke nzima ilitoka kutazama. Baba akaunda chake pia, cha manjano, akakiwekea mtambo wake wa kienyeji. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo majarida yalikuwa yamelisema na wao wakalipuuza. Mitambo yote miwili ilirusha wimbi moja. Kipokezi hakina macho. Hakijui bwana wake ni nani, hutii wimbi lililo kubwa zaidi. Kwa hiyo watu wawili hawawezi kurusha kwa pamoja. Inabidi waambiane, wewe kwanza, mie baadaye. Sasa watu wasiosalimiana wataambianaje?

Mara mbili kindege cha Baba kilianguka kikiwa angani vizuri, na mara zote mbili Ami alikuwa upande wa pili wa uwanja, amekaa juu ya sanduku lake, mkono uko nyuma. Mara ya pili bawa lilivunjika vipande vipande. Baba aliviokota, akavifunga katika shati lake, akarudi nyumbani tumbo wazi. Wiki hiyo hiyo walikuja askari wawili kuuliza kama ana karatasi ya ruhusa ya kurusha mawimbi, maana kuna mtu kasema Temeke kuna mtambo wa siri. Karatasi alikuwa nayo, kaihifadhi ndani ya Biblia. Askari wakaisoma juu chini, wakaondoka. Baba akabaki amesimama mlangoni akilitazama duka la kona kwa muda mrefu, mpaka Mama akamwambia chai inapoa.

Na mie nilikuwa na vita vyangu. Bombani, kwenye foleni ya maji, Zuhura aliwaambia watoto wote kwamba babake hurusha ndege lakini baba yangu hurusha kuku. Akaiga: akapigapiga viwiko, akaruka hatua mbili, akaanguka kifudifudi mavumbini. Alikuwa na kipaji cha kuiga, kama babake. Wote walicheka, hata mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasuuza debe. Nikaipiga teke ndoo yake iliyojaa. Akanivuta nywele. Tulitenganishwa na yule mama wa debe, na tangu siku hiyo nikawa "Esta Kuku" mtaa mzima. Usiku nilimwomba Mungu amfanye Zuhura awe mbaya wa sura. Nawaambia ukweli, ndivyo nilivyoomba, na kwa maneno hayohayo.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo Baba aliponiambia nivae gauni la kanisani, twende mjini kutazama mtambo. Sikuwa nimewahi kutoka na Baba, mimi na yeye tu. Alinipakia kwenye baiskeli, mbele, kati ya mikono yake, na njia nzima nilinusa sabuni ya kunyolea ndevu na nikajiona nimekuwa mtu mkubwa.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja, Bwana Jivan, mtu mdogo wa makamo, mwenye tabia ya kufuta kila kitu kwa kitambaa kabla hajakigusa na baada ya kukigusa. Aliwahi kutengenezewa gramafoni na Baba, kwa hiyo alituletea viti. Kisha akatoa masanduku mawili, akayaweka mezani mbali mbali, kama mabondia.

La kwanza lilikuwa la chuma, rangi ya kijivu, zito kama debe la mafuta. Husimama ardhini. Antena yake, ikiunganishwa vipande vyote, ilikuwa ndefu kuliko Baba akiwa ameinua mkono, na kitufe chake kilining'inia kwenye mwisho wa waya mrefu. La pili lilikuwa dogo, la kushika mkononi, na antena fupi kama penseli. Bwana Jivan alieleza taratibu, na Baba alinitafsiria yale ya kifundi. Hili kubwa lilitumia wimbi lilelile la kila mtu. Lina nguvu, halisumbui, ukiliwasha tu linafanya kazi. Lile dogo lilikuwa la wimbi jingine kabisa, jembamba. Halifiki mbali sana, na kila siku kabla ya kurusha lazima ukae chini ulirekebishe kwa bisibisi ndogo, labda nusu saa, labda zaidi. Lakini ukishalirekebisha, halimwingilii mtu wala mtu hakuingilii. Mnaweza kurusha wawili kwa pamoja mkiwa bega kwa bega.

"Hili dogo lataka mtu mwenye subira," Bwana Jivan alisema, akilifuta. "Wewe unayo. Nakushauri hili."

Baba aliuliza kama anajua mtambo wa jirani yetu unatumia wimbi gani. Bwana Jivan akasema bila shaka ni wimbi hilihili la sanduku kubwa, ndiyo mengi yalivyo. Baba akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kati ya hili kubwa na lile la jirani lipi lina nguvu zaidi. Bwana Jivan aliacha kufuta. Alijibu kwamba hili lina nguvu mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu inabidi mpangiane zamu, akiruka yeye wewe ungoje.

Baba alizunguka meza, akaliinua dogo, akalirudisha. Akaliinua kubwa, akalirudisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kunifanyia kabla ya hapo. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Esta," akasema, "wewe una akili kuliko wengi. Niambie. Tuchukue lipi?"

Nilikuwa na miaka kumi. Duka lilinukia mpira mpya na udi, feni ya dari ilikuwa inalia kwii kwii, na baba yangu, aliyesema na redio kuliko alivyosema na mie, alikuwa ananiuliza mie. Nikaona bombani. Nikaona Zuhura akipigapiga viwiko. Nikamtazama Baba usoni, na nilichokiona usoni mwake ndicho nilichokisema.

"Kubwa. Hilo litakalomwangusha Ami Hemedi."

Bwana Jivan alisema kitu kwa Kihindi, polepole, akijisemea mwenyewe. Baba akasimama, magoti yakalia, akapangusa suruali.

"Umesikia mwenyewe, Bwana Jivan," akasema. "Mtoto kachagua."

Jumapili iliyofuata tulichelewa makusudi. Tulipofika uwanjani watu walikuwa wameshajaa, wauza karanga wameshapanga vikoni vyao, na kindege chekundu kilikuwa angani kinang'ara. Ami alisimama kati ya uwanja, shingo imekunjwa nyuma. Zuhura alikuwa karibu na goli la upande wa pili amelishika sanduku la vifaa la babake kama mtu aliyekabidhiwa hazina. Aliniona. Akapiga kiwiko kimoja, kidogo tu, ili nione mie peke yangu.

Baba alikiweka kindege chetu cha manjano kwenye nyasi, injini haijawashwa. Akasimamisha mtambo, akaunganisha antena kipande kwa kipande. Watu wawili watatu walisogea kutazama, na Baba akawaambia kwa sauti ya kusikika kwamba leo harushi, anajaribu usukani tu. Akanipa kitufe. Kilikuwa cheusi, cha mviringo, kimepata joto la jua.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Usukani wa kindege chetu ukapinda, ta. Juu, kindege chekundu kikaruka kando kama mtu aliyechomwa mwiba.

Ami Hemedi aligeuka. Alikuwa mbali, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza, na nilimsikia vizuri. Hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alilitaja jina la baba yangu.

"Elia. Ningoje nikiteremshe."

Baba aliniinamia mie. "Bonyeza tena," akasema. "Usiachie."

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu ni hapa ambapo watu wengi, nikiwasimulia, hunihurumia haraka. Nilijua. Nilijua kitufe kile kinafanya nini juu kule. Nilimwona Ami akibonyeza chake mara nyingi kama mtu anayebisha hodi mlango uliofungwa, na nilijua mlango umefungwa na kidole changu. Niliona raha. Nilisikia raha inapanda kutoka kidoleni hadi kifuani. Sikuachia.

Usukani ukipinda bila kunyooshwa, kindege huanza kuzunguka, duara likizidi kuwa dogo na kichwa kikizidi kuelekea chini. Kilizunguka mara nne au tano. Mlio wa injini ukawa mwembamba, ukapanda. Watu wakaanza kukimbia huku na huko, wote wakitazama juu, na ukimbiaji wa aina hiyo hauna maana. Zuhura hakukimbia. Labda kwa sababu ya lile sanduku. Alisimama karibu na mti wa goli, akainua uso, na kindege cha babake kikaja moja kwa moja pale alipo.

Mlio ukakatika. Kisha nikaona kofia ya Ami iko chini, peke yake kati ya uwanja, na yeye ameshafika golini, amepiga magoti.

Baba alikitoa kidole changu kwenye kitufe kwa nguvu, maana bado nilikuwa nabonyeza. Sikutazama alikokuwa Zuhura, nilitazama mikono ya Baba. Aliukunja waya kwanza. Akaitenganisha antena kipande kwa kipande, akavipanga sandukuni kwa urefu wake, kama siku zote. Watu walikuwa wanambeba Zuhura kuelekea barabarani kutafuta gari, uso umefunikwa kwa kanzu ya babake, na baba yangu alikuwa anafunga vishikizo vya sanduku.

Pangaboi la kindege lilikuwa limempata Zuhura jichoni. Alikaa hospitali kubwa ya mjini majuma kadhaa, na jicho la kulia halikupona. Habari hizo tulizipata kwa watu, maana hakuna aliyetuletea. Mama alipika wali, akaufunika kawa, akaupeleka kwa Bi Salma, mama yake Zuhura. Alirudi na kawa lilelile juu ya sahani ileile, halijafunuliwa. Mtaani watu hawakuniita Kuku tena. Hawakuniita kitu chochote.

Wazee wa mtaa waliitisha baraza nyumbani kwa jumbe. Tuliketi mkekani, upande wetu sie, upande wao wao, katikati kikombe cha maji ambacho hakuna aliyekigusa. Ami Hemedi alikuwa hajanyoa. Alieleza kwa ufupi yale niliyokwishawaambia. Alisema alimwita Elia kwa jina akamwomba amngoje, na uwanja mzima ulisikia. Kisha jumbe akamtaka Baba naye aseme.

Baba alikohoa. "Mie nilikuwa nimegeuka," akasema. "Mtoto alikuwa anachezea kitufe."

Ami alimtazama kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu. Si hasira. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba anayoijua akakuta ukuta.

Baba akaendelea. Akasema hata mtambo wenyewe mtoto ndiye aliyeuchagua, na maneno aliyoyasema dukani Bwana Jivan aliyasikia, mkamuulize. Alisema hayo huku akitazama mkeka. Jumbe akanigeukia, akaniuliza kwa upole, binti, ni kweli? Uliuchagua wewe? Nikasema ndiyo. Ulibonyeza wewe? Nikasema ndiyo. Kila neno, likichukuliwa peke yake, lilikuwa kweli. Nilingoja aniulize nani aliniambia nisiachie. Hakuniuliza. Mtoto haulizwi jambo kama hilo mbele ya babake, na mtoto hasemi asiloulizwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Wakaamua vindege visirushwe tena Temeke, si vya huyu wala vya yule, na Baba amrudi mtoto wake. Alinirudi alasiri hiyohiyo, uani, kwa ufito wa mpera, majirani wakiwa wamesimama ng'ambo ya ua kuhakikisha. Ufito mara ulinipata mara ulipata kanga. Nilikataa kulia. Alipomaliza, Mama alitoka jikoni, akaunyakua ule ufito na kuuvunja vipande viwili gotini.

"Umemvisha mtoto shati lako, Elia," akasema, na akarudi jikoni. Hakulirudia neno hilo tena maisha yake yote, na nadhani hakuhitaji.

Kuanzia kesho yake mie niliacha kumwamkia baba yangu. Kila asubuhi alikuwa barazani na kikombe chake. Nilitoka ndani, nikamwambia Mama shikamoo, nikampita Baba kama nguzo. Niliwahi kumwona ameshafungua mdomo, marahaba iko tayari, imekosa pa kwenda. Hakunilazimisha. Hakunipiga. Angenipiga ningemheshimu zaidi. Tulihamia Kinondoni, nikaenda shule ya bweni, nikarudi likizo, na bado nilimpita. Niliona fahari, nilidhani nimeshinda vita. Ule mtambo ulihama nasi umeviringishwa blanketi, kisha likizo moja nikakuta sanduku tupu. Alikuwa ameuvunjavunja, akatumia taa zake na nyaya zake kufufulia redio za wateja. Kwa hiyo uko wapi sijui. Umetawanyika katika nyumba za watu, unasoma taarifa ya habari.

Nilianza kumwamkia tena nilipoolewa, kwa ajili ya wageni. Alifariki hatujasema neno kuhusu jambo lile.

Zuhura nilimwona mara moja tu, tukiwa tayari wake za watu, kwenye benchi la kliniki ya watoto. Alinitambua kabla sijamtambua. Alimwinua mwanawe, akachukua mkoba wake, akahamia benchi la mbele, akanipa mgongo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyoyapanga miaka mingi. Niliutazama ule mgongo, nikaona maneno yale yangenifaa mie kuliko yeye. Nikayameza.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba yangu alinisingizia siku ile ya baraza, na kwamba kosa lake lilianzia pale mkekani. Sikuelewa kwamba lilianzia dukani mpaka nilipokuwa mtu mzima, na sikufundishwa na mtu.

Nilikuwa nakaa Mbagala. Jirani yangu, mwanamke mmoja mkorofi, au labda mkorofi nilikuwa mie, alikuwa ameuelekeza mfereji wake wa maji machafu uani kwangu. Tulikuwa tumeshatukanana, tumeshaacha kusalimiana. Alasiri moja nilikuwa napukuchua kunde na Daudi, mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka saba, na maji yale yakaanza kuingia tena na harufu yake. Nikaweka ungo chini. Nikachuchumaa mbele ya mtoto.

"Daudi," nikamwambia, "wewe una akili. Tumfanyeje yule mama?"

Alinitazama usoni. Alinitazama kwa muda, taratibu, kama mtu anayesoma saa. Nikaona macho yake yanapita kwenye paji langu, mdomo wangu, yanatafuta. Kisha akakipata alichokitafuta, akatabasamu, na akangoja nimsifu.

"Tuwape sumu kuku wake," akasema.

Kuku wale Daudi mwenyewe alikuwa akiwapa makombo kila siku kupitia uwazi wa ua. Alikuwa amewapa majina.

Nilibaki nimechuchumaa pale, miguu ikafa ganzi. Nikajua kwamba yule mtoto wa dukani hakuchagua kitu. Alisoma. Baba alikuwa na jibu lake tangu alipotoka nyumbani, ila lilikuwa jibu ambalo mtu mwenye heshima zake hawezi kulitamka mbele ya Bwana Jivan, akalitafutia mdomo wangu. La kitufe silikatai, nilikuwa na kidole na nilikuwa na raha, nitajibu kwa Mungu. Lakini swali la dukani halikuwa langu, na nililibeba kama langu zaidi ya miaka ishirini, nikimchukia mtu kwa sehemu ndogo ya aliyonitenda na kuikosa sehemu kubwa.

Nikamwambia Daudi nimemuuliza vibaya. Nikamwambia ule ni ugomvi wangu, si wake, na nitaumaliza mwenyewe kwa mdomo wangu. Hakuelewa vizuri. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama basi kuku hatuwapi sumu.

Nikasema hatuwapi.

Mabega yake yakashuka. Aliacha kunde zake pale ungoni, akakimbilia kwenye ule uwazi wa ua, na nikamsikia akiwaita mmoja mmoja kwa majina yao.